Viazi vibichi kihorini: kisa cha watoto 19 wa nguruwe walioachishwa kunyonya, Njombe

Simu ya Mwalimu iliingia saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya Julai, msimu ambao Njombe unaamka unakuta majani yamegeuka meupe kwa baridi. "Daktari, watoto wanakwisha." Hakuongeza neno.

Mwalimu ni mama mstaafu aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi. Sasa ana nguruwe majike sita na shamba la viazi mviringo nje kidogo ya mji. Siku saba kabla ya simu ile alikuwa amewaachisha kunyonya watoto 19 wa majike wawili waliozaa wiki moja, wakiwa na umri wa siku 35. Siku ya nne mharo ukaanza. Asubuhi aliyonipigia watatu walikuwa wameshakufa na 11 wanahara.

Kisa hiki nakiandika kirefu kwa sababu kuhara baada ya kuachishwa kunyonya ndiko kunakoua watoto wengi wa nguruwe ninaoitwa kuwaona, na karibu kila mara naambiwa ni "vijidudu" na dawa imeshachomwa. Ni mara chache kukuta mtu ameuliza kilichoingia tumboni. Safari hii jibu lilikuwa kihorini, limekatwakatwa, jeupe, likionekana kwa macho.

Nilifika saa mbili. Shikamoo, marahaba, kisha nikavua viatu vyangu getini nikavaa gambuti za pale pale nyumbani. Nyanda za Juu Kusini nguruwe watatu wakifa ndani ya siku tatu, wazo la kwanza ni homa ya nguruwe ya Afrika, na ni haki liwe la kwanza, maana haina tiba na inasafirishwa na mtu kwa soli ya kiatu kutoka banda moja hadi jingine. Nikaanza na wakubwa. Majike wote sita walikuwa wanakula, masikio na matumbo hayana wekundu wala madoa. Watoto waliokuwa wanahara niliwapima joto mmoja mmoja: wote walikuwa kati ya 38.6 na 39.5, joto la kawaida la nguruwe. Nilipompasua aliyekufa usiku, bandama ilikuwa ndogo, ya rangi yake, na tezi hazikuwa na damu. Sampuli zilikwenda maabara hata hivyo na nikamwomba Mwalimu asitoe wala kuingiza nguruwe hadi majibu yarudi. Yaliporudi, virusi hivyo havikuwemo.

Tumbo la yule aliyekufa ndilo lililonipa njia. Mfuko wa chakula ulikuwa umejaa vipande vya viazi vibichi, vingine vikubwa kama punje ya harage, vimechanganyika na pumba za mahindi. Utumbo mwembamba ulikuwa umetanuka, ukuta wake mwepesi hadi unaona mwanga ukipenya, ndani maji matupu. Utumbo mpana ulijaa povu, na harufu yake ilikuwa ya uji uliochacha. Hapakuwa na damu, hapakuwa na makamasi.

"Viazi hivi mmeanza kuwapa lini, Mwalimu?"

"Siku ile ile ya kuwaachisha. Vidogo vile visivyoingia kwenye lumbesa. Tumejaa navyo ghala zima."

Miaka yote ya nyuma Mwalimu aliachisha kwenye wiki ya nane, na chakula cha watoto kilikuwa uji mzito wa mahindi na dagaa, umepikwa jikoni kwenye sufuria kubwa. Hakuwa na tatizo la maana. Mwaka huu alitaka majike wapandwe mapema, ndiyo maana akaachisha wiki ya tano. Na viazi vibichi vilikuja kwa mkono wa kijana wake wa mwisho, aliyesoma kwenye simu kwamba wanga wa viazi vibichi unalisha bakteria wazuri wa tumbo na kuimarisha afya ya utumbo. Kijana alikuwa amesimama pembeni kichwa chini wakati mama anaeleza. Nilimwambia pale pale kwamba alichosoma ni kweli. Kimepita tu mahali pasipo pake, kwa mnyama ambaye hajawa tayari.

Kabla ya kufika huko, jaribio dogo ambalo mfugaji yeyote anaweza kulifanya. Kwenye sanduku langu la dawa natembea na ayodini ya vidonda. Nilichukua mavi ya mtoto anayehara, kiasi cha kijiko cha chai, nikayakoroga kwenye kisahani cheupe na maji kidogo, nikadondosha matone matatu. Papo hapo yakageuka bluu iliyokoza, karibu na weusi. Ayodini ikikutana na wanga ndivyo inavyofanya. Maana yake wanga uliingia kinywani, ukapita tumbo, ukapita utumbo mwembamba wote, ukapita utumbo mpana, ukatoka nyuma ukiwa bado wanga. Nikafanya vile vile kwa mavi ya jike mmoja ambaye naye alikuwa anakula viazi vile vile vibichi: rangi ilibadilika kwa mbali, madoa machache. Mwalimu aliinama akaangalia visahani viwili muda mrefu. Chakula kimoja, mama na mtoto, na matokeo mawili.

Nikaongeza karatasi za kupimia asidi. Kati ya watoto 11, tisa walikuwa na mavi yenye pH ya chini, 5.5 hadi 6. Wawili walikuwa juu ya 8, na hao ndio waliokuwa hoi zaidi, macho yameingia ndani, mkia umelowa maji yasiyo na harufu kubwa. Tofauti hii ni muhimu. Mharo wenye asidi hutokana na chakula ambacho hakikumeng'enywa kisha kikachachia ndani. Ule usio na asidi kwa kawaida ni kazi ya sumu ya bakteria wa utumbo waitwao E. coli, ambayo hulazimisha ukuta wa utumbo kumwaga maji na chumvi. Kwa hiyo banda lile lilikuwa na magonjwa mawili, na la kwanza lilikuwa limelifungulia mlango la pili.

Sasa wanga wenyewe. Maziwa ya jike hayana wanga hata chembe. Yana mafuta, protini na laktosi, yaani sukari ya maziwa, na mtoto anazaliwa na vimeng'enya vya kazi hiyo. Kimeng'enya cha kuvunja wanga, amilesi, kongosho la mtoto hukitoa kidogo sana mwanzoni, kisha kinapanda taratibu kadiri anavyokua na kuonja chakula kigumu. Ukimtoa kwa mama ghafla, kinashuka tena kwa siku kadhaa. Wakati huo huo mtoto hali chakula, kwa huzuni na kwa ugeni, na utumbo usiopata chakula unaanza kuporomoka. Ukuta wa utumbo mwembamba una vinyweleo vidogo vingi kama taulo, na hapo ndipo chakula kinapofyonzwa. Vipimo vya miaka ya 1980 kwa watoto walioachishwa siku ya 21 vilionyesha kwamba ndani ya saa 24 vinyweleo hivyo hufupika hadi kiasi cha robo tatu ya urefu wake, na kufikia siku ya tano hubaki karibu nusu. Fikiria: siku ya nne au ya tano, uwezo wa kufyonza umeshuka hivyo, na njaa ndiyo kwanza inarudi. Mtoto anavamia kihori. Anachokikuta mle ndicho kitakachoamua.

Wanga nao hauko wa aina moja. Unakaa ndani ya punje ndogo sana, zimefungwa ngumu, na kila mmea una punje zake. Za mahindi ni ndogo, zina vijitundu, na vimeng'enya huzipekecha taratibu hadi ndani. Za viazi mviringo ni kubwa, uso wake laini, na molekuli zimepangwa kwa namna ambayo amilesi haipati pa kushika. Ndizi mbichi nazo ni ngumu hivyo hivyo. Ukipika, mambo yanabadilika kabisa: kwenye joto la nyuzi 60 hadi 70 punje ya kiazi inanyonya maji, inavimba, inapasuka, na wanga ule uliokuwa mwamba unageuka kuwa laini kuliko wa mahindi. Kiazi kilichopikwa na kiazi kibichi, kwa mtoto wa nguruwe, ni vyakula viwili tofauti vyenye jina moja. Kibichi kina hata vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe, ambavyo joto huviharibu, na vile vilivyoota au kugeuka kijani vina solanini, sumu ambayo jiko haliondoi. Hivyo humenywa au hutupwa.

Wanga unaokwepa utumbo mwembamba huishia kwenye utumbo mpana, na kwa nguruwe mkubwa hapo kuna kiwanda: bakteria wanauchachua na kutoa asidi fupi za mafuta, asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo kuni ya seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizo pia zinawabana bakteria wabaya, tena bakteria wakiwa na wanga wa kula wanaacha kuchachua protini, ambayo ingetoa amonia. Hiyo ndiyo habari njema aliyoisoma kijana. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walitoa matokeo ya watoto wa nguruwe walioachishwa wakapewa wanga mbichi wa viazi, asilimia 14 ya chakula, pamoja na E. coli wasio na madhara wanaowazuia wale wakorofi wa aina ya K88. Mchanganyiko huo ulisaidia ukuaji na ukapunguza kuhara.

Basi tukapima cha Mwalimu. Ndoo ya lita 10 ya viazi vilivyokatwa ilikuwa kilo 7, na ndoo hiyo ilikuwa ya siku moja kwa watoto 19. Gramu 370 kila mmoja, kwa makadirio. Kiazi ni maji kwa sehemu nne kati ya tano, na wanga ni kama asilimia 15 ya uzito wake, kwa hiyo kila mtoto alipata kama gramu 55 za wanga mbichi. Pumba na chakula kingine kilikuwa kilo 2 na nusu tu kwa wote, maana matumbo yalikuwa yameshajaa maji ya viazi. Ukikokotoa kwa chakula kikavu, wanga mbichi ulikuwa karibu asilimia 30 ya walichokula. Mara mbili ya kile cha Kanada, bila wale bakteria wa kusaidia, bila protini ya kutosha, kuanzia siku ya kwanza, kwenye banda lenye baridi. Utumbo mpana wa mtoto wa siku 35 haujawa na jeshi la bakteria la kumaliza mzigo huo. Sehemu ilichacha kupita kiasi ikatoa asidi na povu, sehemu ikatoka nzima ikivuta maji, na ayodini ikatuonyesha.

Upande wa pili wa hoja uko Australia. Kwenye Chuo Kikuu cha Murdoch, Perth, walilisha watoto walioachishwa wali mweupe uliopikwa, chakula ambacho karibu chote kinameng'enywa na kuisha kabla ya utumbo mpana, wakakuta E. coli wakorofi hawastawi sana. Walipoongeza kitu cha kufanya chakula kile kiwe kizito na chenye kunata tumboni, bakteria wale wakaongezeka. Kwa muda mrefu watu wamebishana kama mtoto alishwe wanga unaoisha mapema au wanga unaofika mbali. Mimi kwa niliyoyaona mabandani, nasema ni suala la wiki. Wiki mbili za kwanza mpe ulioiva, uishe juu. Baada ya hapo, vinyweleo vikiwa vimesimama tena, kiasi kidogo cha ule mgumu kina kazi yake.

Tuliyoyafanya siku ile. Viazi vibichi vilitoka kihorini kabla sijanawa mikono. Wote walipewa maji yenye ORS, zile pakiti za binadamu za duka la dawa, kwenye sahani pana, yakibadilishwa kila saa chache. Wale wawili wenye mharo usio na asidi walitengwa, wakachukuliwa sampuli ya haja kubwa, wakaanzishiwa antibiotiki. Maabara ilikuza E. coli kwa wote wawili. Waliobaki hawakupewa. Mwalimu alishangaa, kwani alikuwa ameshawachoma wote oksitetrasaikilini siku mbili mfululizo kwa ushauri wa duka la dawa za mifugo. Nilimweleza kwamba dawa ile haivunji wanga, na kwamba kuwachoma tisa wasiohitaji kunawafundisha bakteria kuishi nayo. Ulaya walipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, na mwaka 2022 wakaondoa oksidi ya zinki iliyokuwa inawekwa kwa wingi kuzuia mharo huu huu. Huko nako wafugaji wamelazimika kurudi kuangalia kihori.

Jikoni, sufuria kubwa ilirudi mafigani. Viazi vikamenywa vilivyo kijani, vikachemshwa hadi vinapondeka kwa kidole, maji yake yakamwagwa. Vikapondwa na uji wa unga wa mahindi uliosagwa laini, mgawo wa viazi ukiwa mdogo kuliko wa mahindi ili tumbo lisijae maji. Uji ulipopoa kiasi ndipo tukaweka dagaa wa kusaga, soya iliyokaangwa vizuri, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini), na maziwa mgando kidogo. Chokaa nilipunguza sana, kwa sababu inaua asidi ya mfuko wa chakula, na asidi ile ndiyo askari wa kwanza mlangoni. Milo sita kwa siku, kidogo kidogo, ya vuguvugu. Si ya jana, kwani wanga uliopikwa ukilala na kupoa, sehemu yake inajifunga tena na kuwa ngumu. Kuni hazikuwa tatizo, Njombe mabanzi ya mbao yapo mengi na ya bei nafuu. Kwingineko najua hesabu hii ya kuni inauma.

Tatizo lililobaki lilikuwa baridi. Mtoto aliyeachishwa wakati huo anahitaji joto la karibu nyuzi 28 pale anapolala, na sakafu ya Mwalimu ilikuwa saruji tupu yenye unyevu. Tuliweka majani makavu, tukaziba pepo za upande wa kusini kwa magunia, na kona moja ikapata paa la chini la mbao.

Usiku ule alikufa mmoja wa wale wawili. Kesho yake akafa mwingine, mdogo kuliko wote, ambaye hakuwa miongoni mwao. Siku ya tatu mavi ya wengi yakaanza kushikana, siku ya tano nilihesabu mmoja tu anayehara. Wakabaki 14. Hawakuwahi kufikia wenzao: kwenye wiki ya kumi, mkubwa wao alikuwa na uzito ambao watoto wa Mwalimu wa mwaka uliotangulia walikuwa nao wiki mbili mapema.

Majike wengine wawili walizaa mwezi wa tisa, watoto 17. Safari hii walionjeshwa uji wa viazi vilivyopikwa kuanzia siku ya 14, wakiwa bado wananyonya, kijiko kwenye kibao, ili kongosho lianze kazi kabla ya shida. Waliachishwa siku ya 42, kwenye majani makavu. Watatu walipata mavi laini kwa siku mbili. Hakufa hata mmoja. Kwa haki ya kisa lazima niseme tulibadilisha umri, joto, protini na upishi vyote kwa pamoja, na msimu nao ulikuwa umepata joto. Siwezi kuupa upishi sifa yote. Ila visahani vya ayodini najua vilisema nini.

Siku ya tano baada ya kuwaachisha nilipita jioni. Nilimkuta Mwalimu amechuchumaa nje ya banda na kisahani chake cheupe, kichupa cha ayodini cha kwake mwenyewe, na daftari la mistari ambalo amelichora safu za tarehe, chumba na rangi kwa mwandiko ule wa ubaoni. Akadondosha. Matone matatu, tukasubiri. Rangi ikabaki ya chai.

"Sasa, daktari," akasema bila kuinua kichwa, "huyu mwanangu anauliza, vile vibichi kidogo tunaanza lini?"

Kijana alikuwa mlangoni, ameshika ndoo tupu. Nikamwambia wiki ya tatu, konzi moja kwa chumba kizima, na kisahani kila asubuhi.